Upinde Aliopanda Nao Baba

Skogdal, Wisconsin
Jumapili, mwisho wa Machi

Mdogo wangu mpendwa Loren,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Jodi, na kwamba kikohozi cha Brynn kimekwisha na amerudi shule. Huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri ila goti linamsumbua, na ukimwambia apumzike anakuuliza ndama watalishwa na nani, na wewe? Theluji imeyeyuka yote isipokuwa nyuma ya ghala, na matope ya mwaka huu yanamvua mtu viatu akiwa anatembea. Utomvu wa miti ya maple ulitoka kwa wingi, tumeuchemsha uwe sharubati mpaka madirisha ya jikoni yakanata. Chupa zako ziko kwenye rafu ya chini. Kama hutaki kuniona uso, mtume Jodi azichukue.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na barua hii nitaitia kwa mkono wangu kwenye sanduku lako pale barabarani, ili usije ukasema ilipotea. Neno la mwisho uliloniambia ulilisema siku ya mazishi, kule kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, ukiwa umeshika sahani ya nyama ya nguruwe. Uliniambia kwamba nimemzika Baba kwa zawadi yangu. Watu waliokuwa kwenye foleni ya viazi vya jibini walijifanya hawakusikia, lakini vijiko vyote vilisimama. Nilinyamaza, Loren. Nataka ujue leo kwamba jibu nilikuwa nalo.

Nimekaa nalo majira yote ya baridi na ningekaa nalo mpaka nife, kama Alhamisi nisingekwenda duka la vyakula vya mifugo kununua maziwa ya unga ya ndama. Pale mlangoni nikakutana na Baba. Picha yake, ile ya ujanani, ameshika upinde wake wa mbao na kulungu dume miguuni, na chini yake umeandika kwa herufi kubwa: Azimio la Orval Brekke. Nikalisoma lote nimesimama, watu wananipita na magunia. Kwamba katika mkutano wa wawindaji wa Aprili, kwenye bwalo la shule, utasimama na kuiomba wilaya ipige kura kuutoa upinde wa triga, ule wa kufyatua kama bunduki, katika msimu wa kuwinda kwa upinde. Kwamba upinde huo ni mashine, si upinde. Kwamba umewatia wazee moyo wa kupanda miti wasiyoiweza, na kwamba baba yako ni ushahidi.

Verlyn Kvam alikuwa amesimama pembeni yangu, mkono wake usio na vidole ameutia mfukoni kama kawaida yake. Unajua tangu ile mashine ya mahindi imle vidole hawezi kuvuta kamba ya upinde wowote, na kama si huo wa triga angebaki kuangalia kulungu kwa dirisha. Alisoma mpaka mwisho, kisha akasema, “Kumbe Orval anakuja kunifukuza msituni akiwa kaburini! Alipokuwa hai alishindwa.” Akacheka kidogo, akanigusa bega, akaondoka bila kununua alichokifuata. Mimi nilikwenda kulia ndani ya pikapu, na maziwa ya ndama nikayasahau kaunta.

Sitaki uone kwamba nakubishia hoja zako. Hoja zako ni za Baba, na nimezila tangu utotoni pamoja na uji. Upinde wa kweli unauvuta kulungu akiwa mbele yako, unatetemeka, unajua kwamba akikuona umeula wa chuya. Unafanya mazoezi kiangazi kizima hadi vidole vinaota sugu. Lakini ule wa triga unauvuta ukiwa bado nyumbani, unakaa umevutika wenyewe, una kitako kama bunduki na darubini juu yake, kazi yako ni kidole tu. Nani asiyekumbuka Baba alivyosimama kwenye bwalo lile lile, mimi na wewe tumekaa nyuma tukila karanga, akawaambia watu, “Kama huwezi kuvuta upinde, kaa nyumbani unywe kahawa, msimu wa bunduki utakukuta hapo hapo!” Bwalo zima lilimpigia makofi. Verlyn alikuwemo, na wakati ule vidole vyake vilikuwa kamili, na yeye alipiga makofi kuliko wote.

Halafu bega la Baba likafa. Wewe ulikuwa umeshahamia upande wa pili wa kilima na hukuona kila kitu. Hukumwona asubuhi anavyovaa shati, anaanza na mkono mbovu, anaubembeleza kama mtoto anayekataa koti. Daktari alimpasua, akamshona, akamwambia asahau upinde. Ule msimu uliofuata hakwenda msituni hata siku moja. Alikaa jikoni akaangalia nje, na Mama akaniambia kwa siri kwamba anamwogopa, kwa sababu hagombi tena, hata kahawa ikiwa baridi anakunywa tu. Ndipo nikamnunulia ule wa triga siku yake ya kuzaliwa. Nilijua atanirushia. Hakunirushia, ila aliuacha kwenye boksi lake kiangazi kizima, na kila nikimuuliza ananiambia anasubiri boksi lizeeke.

Siku aliyoufungua alinifungia mlango wa ghala nisimwone. Nilichungulia kwenye upenyo wa mbao. Alipiga mshale mmoja kwenye robota la nyasi, ukaingia katikati kabisa, naye akasimama akiutazama kwa aibu kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi. Alipotoka aliniambia, “Mashine imefanya kazi, mimi nimeishikia tu.” Lakini jioni hiyo aligombana na Mama kwa sababu ya chumvi kwenye supu, na Mama akaja chumbani kwangu akicheka na machozi yanamtoka, akasema mume wake amerudi.

Sasa hapa naomba usome polepole, na usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Unaikumbuka ile Ijumaa ya samaki wa kukaanga pale baa, mwishoni mwa Oktoba? Meza yetu ilikuwa imejaa, Verlyn yupo, na wale vijana wa kiwanda cha jibini wapo meza ya pili. Mtu akamuuliza Baba kama mwaka huu anaingia msituni. Kabla hajajibu, wewe ukadakia kwa sauti kwamba anaingia, mzee wako siku hizi anawinda kwa kidole, na mwakani atawinda kwa kubonyeza simu. Watu wakaangua kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka, Loren, kwa sababu ulivyolisema lilikuwa linachekesha. Na wewe kwa kuona linachekesha ukaongeza, “Baba, si wewe uliyesema asiyeweza kuvuta akae nyumbani anywe kahawa? Mhudumu, mletee mzee kahawa!” Na kahawa ikaletwa kweli.

Baba alicheka na wengine. Lakini samaki wake hakummaliza, na unajua yule mtu hakuwahi kuacha samaki kwenye sahani. Ndani ya gari, tukirudi, Mama alimuuliza kama tumbo linamuuma. Akasema hapana, ila Loren amesema kweli, na kweli ikisemwa mtu hana haki ya kununa. Mimi nikamwambia Loren ana mdomo mrefu kuliko barabara ya kwenda Minnesota. Akaniambia nimwache, ni mdomo tu, moyo wako hauna ubaya.

Nilimtengenezea kibanda cha turubai chini, pembeni ya shamba la mahindi, nikamwekea kiti chenye mto. Akakikagua, akaniambia ni kizuri sana kwa kuku. Akasema kama atawinda atawinda kwenye kiti chake cha siku zote, juu ya mwaloni, na ngazi ameipanda tangu mimi sijazaliwa. Nilibishana naye. Nilishindwa. Wewe ungeshindwa pia.

Asubuhi ile ilikuwa ya baridi kavu, majani yamekauka chini mpaka panya akipita unamsikia, na ni wakati wa madume kuwakimbiza majike. Tuliegesha pikapu pale getini bado giza. Upinde wa triga ulikuwa nyuma chini ya blanketi, niliuweka mwenyewe. Akaniambia nitangulie, kwa kuwa mimi natembea kama ng'ombe mwenye mimba na nitamfukuzia wanyama. Nikatangulia, nikapanda kiti changu kule juu mgongoni mwa kilima. Hilo ndilo alilolitaka, nitangulie, lakini sikulijua.

Kulipopambazuka nikasikia kishindo upande wake. Kishindo kizito, kisha majani yakachakarika, yakachakarika tena, kisha kimya. Na mimi, Loren, nikafurahi. Nilijua Baba amepiga. Nilijua dume limeanguka pale pale chini ya mti wake, na nililia kwa furaha huku nimeziba mdomo kwa glovu ili nisimharibie. Nilikuwa tayari naona utakavyokuja kulipima pembe zake na kukosa la kusema.

Na unajua sheria yake. Wote tumekua nayo, alitufundisha kabla hajatufundisha kufunga kamba za viatu. Mwenzako akipiga, hushuki. Huiti. Hukohoi. Unakaa kama ulivyo mpaka akupigie mluzi, kwa sababu kulungu aliyejeruhiwa akisikia mtu, anakimbia na kufia mbali, na akiachwa kimya analala na kufa kwa amani. Ulipokuwa mdogo ulishuka mapema mara moja na Baba hakukupeleka tena msimu mzima, ukalia mpaka ukatapika. Mimi sikuwahi kuivunja ile sheria. Kwa hiyo nilikaa. Nilikunywa kahawa yangu ya chupa. Nilikula mkate. Jua lilipanda, jike moja likapita chini yangu na mtoto wake, nikaliacha lipite kwa sababu siku ile ilikuwa ya Baba. Nilijiuliza mbona mluzi unachelewa, nikajijibu kwamba anaona raha, mwacheni mzee akae na dume lake.

Niliposhuka jua lilikuwa limeshayeyusha barafu kwenye nyasi. Nilimkuta chini ya mwaloni, amelala chali, miguu imekaa vibaya. Alikuwa hai, na alikuwa na akili zake zote. Mkanda wa kujifunga ulikuwa umening'inia juu kwenye kiti, haujafungwa.

Na pembeni yake hapakuwa na upinde wa triga. Palikuwa na upinde wake wa mbao.

Ndiyo, mdogo wangu. Ule wa kwenye picha uliyoibandika dukani. Aliuficha chini ya blanketi lile lile, na mimi nilipotangulia akauchukua, ule wa triga akauacha. Mkanda hakuufunga kwa sababu ulikuwa unamkaza bega. Aliniambia yote hayo mwenyewe, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesimulia jambo la kuchekesha lililomtokea mwingine. Aliniambia dume lilikuja, kubwa, likasimama karibu kabisa. Aliniambia aliuvuta. Akainua mkono mzima akagusa taya lake, akasema, “Nilifika hapa, Darla. Nilifika mpaka hapa.” Kisha bega likaachia na yeye akaenda nalo.

Nilitaka kukimbia nikapige simu, maana unajua bondeni hakuna mtandao, mpaka ufike getini. Akanishika mkono wa koti. Akasema nimsikilize kwanza. Akasema, “Mwambie Loren nilikuwa na ule wa triga.” Nikamwambia Baba, acha upuuzi, nakwenda kuita watu. Hakuniachia. Akasema, “Waambie wote nilikuwa nao. Yule mtoto akijua hii atajiua kwa mawazo. Ana mdomo tu yule.” Akanitaka niseme ndiyo. Nikasema ndiyo. Ndipo akaniachia koti.

Nikakimbia getini, nikapiga simu, nikautoa upinde wa triga chini ya blanketi na kurudi nao mbio. Ule wa mbao nikauficha kwenye nyasi nyuma ya lile ghala la zamani la pale bondeni, na mshale wake, uliokuwa umechomeka ardhini, nikaung'oa. Nikauweka ule mwingine mkononi pake. Mkono ulikuwa bado una joto lakini yeye alikuwa ameshakwenda. Sikuwepo, Loren. Nilikuwa getini natafuta uongo wake. Wale wa gari la wagonjwa walipofika walikuta upinde wa triga, wakaandika upinde wa triga, na tangu siku hiyo wilaya nzima inajua kwamba Orval Brekke aliuawa na mashine aliyonunuliwa na binti yake.

Daktari sijamuuliza kama ningeshuka nilipokisikia kile kishindo ingekuwaje. Sitamuuliza. Kuna asubuhi naamka nikiwa nimeshika kikombe cha kahawa ambacho hakipo, nimekaa juu ya mti, nina furaha. Hizo ndizo asubuhi mbaya.

Utaniuliza kwa nini sasa, wakati nilimwahidi. Nimejiuliza mimi pia, tangu Alhamisi. Baba aliniomba nidanganye ili usiumie, na mimi nikakubali kubeba lawama yako, hata ile ya kwenye viazi, kwa sababu ilikuwa kazi aliyonipa. Lakini hakunipa kazi ya kukaa kwenye bwalo nikusikilize ukimtumia kumnyang'anya Verlyn msimu wake. Uongo ule ulikuwa blanketi la kukufunika wewe, na wewe umelichukua unachapia watu. Angekuwa hai angekutandika. Au angekuachia, angesema ni mdomo tu, sijui. Mimi si yeye. Nimechoka, mdogo wangu, na nakuhurumia, na nina hasira nawe, vyote kwa pamoja, na hakuna hata kimoja kinachokipisha kingine.

Sikwambii upige kura gani. Kuhusu hizi pinde mimi mwenyewe sijui. Nikimwangalia Verlyn nasema ziachwe. Nikikumbuka uso wa Baba pale ghalani, mshale umeingia katikati na yeye hana furaha, nasema labda mlikuwa sahihi, wewe na yeye. Simama ukitaka. Sema kwa jina lako, kwa mdomo wako, hata kwa sauti kubwa. Jina lake litoe. Ile karatasi ya dukani ibandue mwenyewe, usinifanye mimi niibandue mbele ya watu.

Na usije ukajifanyia kile alichokiogopa Baba. Nilicheka mimi pia ile Ijumaa, nimekwambia. Verlyn alicheka mpaka akapaliwa. Kahawa ilipoletwa mimi ndiye niliyemsogezea.

Msalimie sana Jodi, na Brynn mbusu mashavu yote mawili, mwambie shangazi yake ana ndama mwenye doa la umbo la bata jichoni na anamsubiri yeye ampe jina. Mama anakusalimu. Anadhani nakuandikia habari za sharubati. Yeye hajui, na kama atajua nataka tumwambie tukiwa wawili, tumekaa pembeni yake mmoja huku mmoja huku.

Upinde wa Baba niliutoa kwenye nyasi usiku ule ule. Uko chini ya kitanda changu, nimeufunga kwa shuka. Bado una kamba. Mkono wangu haukuweza kuifungua siku ile na haujaweza tangu siku ile, nikiishika tu naliona lile taya. Unajua upinde wa mbao ukilazwa na kamba yake unavyochoka, na huu umelala umevutwa majira yote ya baridi. Njoo uufungue, Loren. Mlango wa nyuma hatufungi. Sitakuuliza kitu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Darla